Mbiu Ukaipige Wapi? CEWARN, EAC, ICGLR na AU kwa kamati ya amani iliyo Uganda

Kamati ya amani ya mpakani huwa na daftari, simu ya mtu mmoja, na nauli ya kufika makao makuu ya wilaya mara mbili kwa mwezi, ikizidi sana. Haina watu wa kuandikia mashirika manne ripoti nne. Lakini Uganda imo ndani ya yote manne: IGAD ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake, Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu (ICGLR) na Umoja wa Afrika (AU). Kila moja lina chombo chake cha tahadhari ya mapema, yaani cha kusema moto unakuja wakati nyumba bado haijashika. COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, nayo inacho, kinaitwa COMWARN, makao yake Lusaka. Hicho huchunguza zaidi mizizi ya mbali ya migogoro, kama uchumi na biashara, na kwa kamati ya kijiji kiko mbali mno, kwa hiyo nitakiacha hapo.

Nimekuwa katibu wa kamati kama hiyo kwa miaka kadhaa, upande wa mashariki. Tumepokea wageni wengi, kila mmoja na fomu yake, kila mmoja akisema chombo chake ndicho. Wakishaondoka, swali la wajumbe linabaki palepale: tukiona ng'ombe wanahamishwa usiku, tumpigie nani?

Kipimo changu ni kimoja na nakitaja sasa. Habari yako itamfikia nani mwenye uwezo wa kuinuka na kwenda, na itamfikia baada ya muda gani? Ukubwa wa shirika na uzuri wa ramani zake naviweka nyuma ya hapo.

CEWARN, iliyozaliwa malishoni

Itifaki ya CEWARN, chombo cha tahadhari cha IGAD, ilitiwa saini Khartoum, Januari 2002, na nchi za IGAD. Ofisi yake iko Addis Ababa. Jambo la kulielewa ni lile ililoanza nalo. Haikuanza na uchaguzi wala mapinduzi. Ilianza na wizi wa mifugo unaovuka mipaka. Hapo ndipo serikali zote zilipokubali kuguswa, kwa sababu hakuna rais aliyeona aibu mtu wa nje akihesabu ng'ombe walioibwa. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara. Anayetaka kujenga mazoea ya kuambiana ukweli aanze na ukweli ambao serikali inaweza kuuvumilia.

Eneo lake la kwanza la kazi lilikuwa ukanda wa Karamoja, ambako Uganda, Kenya, Ethiopia na Sudan (leo Sudan Kusini) zinakutana. Ni nchi ya Wajie, Wadodoth, Wamatheniko, Wabokora, Wapian, Wapokot, Waturkana, Watoposa na wengine ambao mstari wa mpaka umewakuta wakiwa tayari na malisho yao, ndoa zao na visasi vyao. Mfumo ulipangwa kutoka chini. Kuna waangalizi wa mashinani wanaoandika matukio na hali ya kila wiki. Kuna mratibu wa nchi anayezipokea taarifa na kuzichambua. Kuna kitengo cha taifa, kinachoitwa CEWERU, ambacho kwa Uganda kiko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Na chini kabisa kuna kamati za amani za wilaya na za vijiji. Maana yake ni kwamba kamati yako ni kiungo kilichoandikwa ndani ya mfumo huu. Katika vyombo vingine vitatu wewe ni mgeni anayebisha hodi.

Kinachonifanya niiheshimu zaidi ni aina ya maswali inayouliza. Je, vijana wamefanyiwa baraka za kwenda kuvamia? Je, njia za malisho zimebadilika? Je, soko limefungwa? Mtu wa ofisi ya mjini asingewaza kuuliza kuhusu baraka. Lakini mzee yeyote wa Kotido anajua kwamba karacuna, vijana wa silaha, hawaondoki mikono mitupu. Kuna wakubwa wa kuwabariki, na kuna emuron, mwaguzi, anayesoma matumbo ya mnyama aliyechinjwa na kusema adui anatokea upande gani. Jamii hizi zilikuwa na tahadhari ya mapema yao wenyewe kabla ya Addis Ababa kuwa na kompyuta. CEWARN ilichukua sehemu ya elimu hiyo na kuiweka kwenye fomu.

Na fomu hizo zimetufundisha jambo ambalo hata sisi tulikuwa tunalisema kinyume. Sote tulizoea kusema ukame ndio unaoleta uvamizi. Utafiti uliochapishwa 2007 kwa kutumia takwimu za CEWARN za ukanda huu ulikuta kwamba uvamizi uliopangwa ulielekea kuongezeka majani yanapokuwa mengi. Ukikaa na wachungaji wanakueleza sababu bila kusita: majani yakiwa marefu unajificha, na ng'ombe aliyeshiba anaweza kuswagwa usiku kucha bila kuanguka njiani. Tangu niyajue hayo, kamati yetu haingoji tena kiangazi ndipo ianze kukesha. Mvua nzuri ikinyesha ndipo tunapoongeza macho.

Sasa kasoro zake, na si ndogo. Mwaka 2009 ulianzishwa mfuko wa hatua za haraka, ili tahadhari isiishie kwenye karatasi. Pesa hizo zinaweza kugharamia mkutano wa wazee wa pande mbili au mradi mdogo wa kuwaunganisha. Lakini maombi hupanda ngazi baada ya ngazi kabla shilingi haijashuka, na mvamizi hapandi ngazi. Lugha ya taarifa ni Kiingereza, na mchungaji aliyeona kila kitu kwa macho yake hawezi kusoma kilichoandikwa kwa niaba yake. Na kwa kuwa kitengo cha taifa ni cha wizara, habari inayoilalamikia dola yenyewe, tuseme askari waliochukua ng'ombe wasio wa wizi, inapita katika mikono ya yule anayelalamikiwa.

Mipaka yake ilionekana wazi kuanzia 2019, uvamizi uliporudi Karamoja baada ya miaka kadhaa ya utulivu. Septemba mwaka huohuo Rais Museveni na Rais Kenyatta walikuwa wamekutana Moroto kutia saini makubaliano ya amani na maendeleo ya mpakani. Waangalizi walikuwepo. Fomu zilikuwepo. Julai 2021 jeshi lilianza operesheni Usalama Kwa Wote, na bado Machi 2022 wanajiolojia watatu wa serikali na askari waliokuwa wakiwalinda waliuawa Moroto. Mei 2023 ikatoka amri ya Rais iliyowataka Waturkana wenye bunduki wazisalimishe katika muda wa miezi sita, la sivyo wafukuzwe pamoja na mifugo yao. Tahadhari za CEWARN hazikuyazuia hayo. Nasema bado ndiyo ya kwanza kuijaribu, kwa sababu inapofanya kazi inafanya kazi kwa saa na siku, wakati nyingine zinahesabu miezi.

Jingine: usiibebeshe mzigo usio wake. Mwaka 2012 ilipanua macho yake hadi uchumi, mazingira, utawala, usalama na mambo ya jamii. Mwaka uliofuata, Desemba 2013, Juba ililipuka. Riek Machar alikuwa amefukuzwa umakamu wa rais Julai, na kila mtu kuanzia Elegu mpakani hadi Addis aliona kinachokuja. Mfumo uliozaliwa kuhesabu ng'ombe haukuwa na uzito wa kumshika mkono rais. IGAD ikabaki kupatanisha baada ya damu, huku majeshi ya Uganda, mwanachama wake, yakiwa ndani ya Juba upande wa serikali. Mpatanishi na mpiganaji walikuwa wanakaa meza moja. Mtu wa kamati ya amani anapaswa kulijua hilo bila kulificha.

EAC: mlango wazi Arusha, uamuzi wa wote au hakuna

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 8 sasa, ya mwisho kuingia ikiwa Somalia, 2024. Chombo chake kinaitwa EACWARN, na kinakwenda pamoja na chumba cha ufuatiliaji Arusha na Itifaki ya Amani na Usalama iliyotiwa saini 2013. Kwa karatasi, eneo lake ni pana kuliko la CEWARN ya mwanzo: siasa, uchaguzi, uhalifu wa mipakani, ugaidi, wakimbizi.

Nianze na mazuri. Jumuiya ndiyo inayofanana zaidi na maisha yetu ya kila siku. Vurugu za Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilitufikia Uganda kwa njia ya petroli. Reli iling'olewa Kibera, barabara ya Eldoret ikafungwa, na lita ya mafuta Kampala ikapanda hadi watu wakaegesha magari. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuelezwa kwamba amani ya jirani ni chakula chako. Shirika la biashara na mipaka ya pamoja lina sababu ya kusikia habari za namna hiyo kuliko shirika lolote, na mfanyabiashara wa Malaba anayesema malori yamepungua kwa nusu wiki hii anatoa tahadhari ya mapema halisi.

Pili ni lugha. Jumuiya ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likakubali kuanza kukitekeleza kama lugha rasmi hapa nyumbani. Kwa mama wa sokoni Busia ambaye Kiingereza chake ni cha kuhesabia pesa, kuweza kuandika malalamiko kwa Kiswahili na kuyapeleka Arusha bila mkalimani si jambo dogo.

Tatu ni mahakama. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuipeleka serikali mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki akidai kitendo chake kimekiuka Mkataba wa Jumuiya, ila ana miezi 2 tu tangu kitendo kitokee au akijue. Hiyo si tahadhari kwa maana ya kawaida. Lakini kwa kamati inayoona watu wakifukuzwa ardhini kwa nguvu, ni nguzo ya kuegemea ambayo CEWARN haina.

Ubaya wake ni kwamba wakuu wa nchi huamua kwa makubaliano ya wote. Nitakupa Burundi ya 2015, kwa sababu sijui mfano unaoumiza zaidi. Ishara zilikuwa zimejaa: maandamano yaliyoanza Aprili dhidi ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, vijana wa chama wenye silaha, watu wakivuka kwenda Tanzania na Rwanda kwa maelfu. Tarehe 13 Mei wakuu wa Jumuiya walikuwa wamekusanyika Dar es Salaam kuzungumzia jambo hilohilo, na jaribio la mapinduzi likatokea Bujumbura huku Nkurunziza mwenyewe akiwa Dar. Hakuna chumba cha ufuatiliaji duniani ambacho kingekuwa karibu na habari kuliko kile chumba cha mkutano. Rais Museveni akateuliwa mpatanishi Julai, Benjamin Mkapa akaja kuwa mwezeshaji 2016, na mazungumzo hayakuzaa makubaliano. Habari haikukosekana, ila aliyepaswa kukatazwa alikuwa na kiti mezani.

Kongo ilipojiunga 2022, Jumuiya ilichukua hatua kwa kasi iliyonishangaza. Mchakato wa Nairobi ulianza Aprili mwaka huo, Uhuru Kenyatta akapewa uwezeshaji, na Novemba kikosi cha pamoja kikaanza kuingia mashariki ya Kongo, askari wa Uganda wakikaa Bunagana mwaka uliofuata. Ilipofika Desemba 2023 Kinshasa ilikataa kuendelea nacho na kikaondoka. Kwa hiyo usiseme EAC haiwezi kutembea. Inatembea mwenyeji akiruhusu, na inasimama akikunja uso.

ICGLR, ya wenye siri

Mkataba wa Maziwa Makuu ulitiwa saini Nairobi, Desemba 2006, nchi wanachama ni 12, na sekretarieti iko Bujumbura. Mwaka 2012 vilianzishwa Goma, mashariki ya Kongo, vyombo viwili: kituo cha pamoja cha kukusanya habari za kijasusi, na mfumo wa maafisa wa kijeshi wa nchi mbalimbali wanaokwenda kuhakiki nchi moja inapoilaumu nyingine kwamba imevuka mpaka au inawasaidia waasi.

Hiki cha pili ni cha maana kuliko kinavyosifiwa. Katika ukanda wetu uvumi wa uvamizi unaweza kuzaa uvamizi. Maafisa wa pande zote wakisimama kwenye kilima kimoja na kuangalia nyayo zilezile, angalau uongo mmoja unakufa. Lakini mwananchi hana pa kuingilia. Habari za kijasusi hubaki kwa wajasusi, na kamati yako haitaona hata mstari mmoja wa kinachojulikana kuhusu kijiji chako.

Naufikiria sana usiku wa tarehe 16 Juni 2023, Mpondwe, wilaya ya Kasese, waasi wa ADF walipoingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, baadhi wakiteketezwa ndani ya bweni. Shule iko karibu na mpaka. Wakati huo Uganda na Kongo zilikuwa katika operesheni ya pamoja dhidi ya ADF tangu Novemba 2021. Mwenzangu yeyote wa Kasese aliyeniuliza tangu siku ile achague chombo gani, nimemjibu kwamba hakuna cha kanda kitakachomfikia mwalimu wa zamu usiku kwa wakati. Kwa mpaka wa magharibi kinachookoa ni namba ya kambi ya jeshi iliyo karibu, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) mwenye simu isiyozimwa, na mtu anayejua sura za wageni waliolala kijijini. ICGLR inabaki kuwa ya kuziwajibisha serikali baadaye. Goma penyewe, mji vilikoanzishwa vyombo hivyo, waasi wa M23 waliuteka Novemba 2012 na tena Januari 2025. Macho yalikuwa ndani ya mji wakati mji unaanguka.

Mlango mmoja wa raia upo hata hivyo. ICGLR ina itifaki ya kuzuia mauaji ya kimbari, na chini yake nchi zinaunda kamati za taifa. Uganda inayo. Kama tatizo lako ni matamshi ya chuki, viongozi wanaowaita watu wa kabila fulani wadudu au wavamizi redioni, hapo ndipo nafasi yake, na andika maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, siku na saa.

AU: mbali, na wakati mwingine ndiyo pekee

Mfumo wa tahadhari wa Umoja wa Afrika umeandikwa katika kifungu cha 12 cha itifaki ya Baraza la Amani na Usalama, iliyopitishwa Durban, Julai 2002. Chumba chake cha ufuatiliaji Addis Ababa hukesha usiku na mchana, kikisoma magazeti, mitandao na taarifa za wajumbe wake, na kimeunganishwa kwa makubaliano ya 2008 na mashirika ya kanda. Hakisomi ujumbe wa katibu wa kamati ya Amudat, wala hakikuundwa kwa hilo. Habari yako ikifika huko, imefika kwa kupitia IGAD au EAC, na njiani imepungua.

Kwa nini basi nakiweka katika ulinganisho? Kwa sababu AU ina sheria ya wazi inayoiruhusu kuingilia kati nchi mwanachama pakiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Serikali inapokuwa yenyewe ni mhusika wa mgogoro, mashirika ya majirani hubanwa na ujirani. Lakini hapo pia Burundi inatutoa katika ndoto. Desemba 2015 Baraza liliidhinisha kikosi cha askari 5,000 kwenda kuwalinda raia. Bujumbura ikakataa, na Januari 2016 wakuu wa nchi wakaliacha jambo hilo. Sheria ilikuwepo, mikono haikunyanyuliwa.

Yapo mashirika mengine barani yanayofaa kutazamwa kwa upembeni, ili ujue kwamba tulivyo si lazima tuwe hivi. ECOWAS ya Afrika Magharibi imeyaingiza mashirika ya raia ndani ya mfumo wake ECOWARN, nayo yanatuma taarifa pamoja na wawakilishi wa serikali. SADC ya kusini mwa Afrika, yenye kituo chake Gaborone tangu 2010, inategemea zaidi habari za idara za usalama na imewafungia raia nje. CEWARN yetu inaelekea upande wa ECOWAS, ICGLR inaelekea upande wa SADC. Mimi siamini katika tahadhari ambayo mwenye kutahadharishwa haruhusiwi kuisikia.

Kwa hiyo, ukiwa wapi uende wapi

Ukiwa Kaabong, Kotido, Moroto, Napak au Amudat, usitafute mbali. Tafuta mwangalizi wa CEWARN wa eneo lako na ujue jina lake na kituo chake, kisha mfahamu mtu wa dawati la amani wilayani. Jenga uhusiano na kamati ya ng'ambo kabla ya chochote kingine. Wazee wa Turkana na Matheniko walifunga amani Lokiriama mwaka 1973 na kuzika silaha, na mpaka leo hukutana kuiadhimisha. Wakati huo hapakuwa na IGAD. CEWARN inafaa pale inapogharamia na kulinda mikutano ya namna hiyo, haifai ikiiondoa mikononi mwa wazee.

Ukiwa Busia au Malaba, nenda EAC, kupitia vyama vya wafanyabiashara wa mpakani ambavyo tayari vinasikilizwa. Kasese, Bundibugyo na Kisoro nimeshasema: jeshi na LC kwanza, kanda baadaye. Kwa uchaguzi, ujumbe wa waangalizi wa kanda huja siku chache kabla ya kura na hauwezi kuitwa tahadhari ya mapema. Bora vyombo vya nyumbani, kama chumba cha akina mama cha kufuatilia hali, Women's Situation Room, kilichofanya kazi Kampala katika uchaguzi wa 2016, kikipokea simu za wananchi na kuzipeleka moja kwa moja kwa polisi na tume.

Yumbe, Adjumani na Lamwo ni kisa cha peke yake. Huko tahadhari huja kwa miguu. Mapigano ya Juba ya Julai 2016 yalipoanza, watu walimiminika, na Agosti kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa. Waliofika wiki ya kwanza walikuwa wanasema vijiji vipi vitafuata, na walisema kweli. Kama kamati yako iko huko, chukua maelezo ya wanaofika, wametoka wapi, wameacha nani nyuma, barabara gani imefungwa, uyapeleke kwa CEWARN na kwa shirika la wakimbizi siku ileile. Sijaona chanzo kizuri kuliko hicho katika kanda nzima.

Jinsi ya kuandika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu chombo kizuri kinaharibiwa na ujumbe mbaya. Miaka ya nyuma tulituma ujumbe kwa ofisi moja, sitaitaja, uliosema "hali si nzuri, tunaomba msaada". Jibu lilikuja siku ya 9, likiuliza hali gani. Nililia siku hiyo, kwa sababu siku ya 6 tulikuwa tumeshazika. Ofisi ilikuwa na kosa lake, lakini na sisi tuliandika ujumbe ambao hata mtu mwema asingejua aanzie wapi.

Tangu hapo tunaandika kilichobadilika, wapi, tangu lini, na tunachoomba kitendwe na nani. Hatuandiki majina ya vijana tunaowashuku. Daftari linaweza kuokotwa, simu inaweza kuchukuliwa, na mtoa habari ana watoto. Tunaandika mienendo tu. Tena tunaandika na yale tusiyoyaona, kwa sababu ukimya nao ni habari: wachungaji wa ng'ambo ambao hupita kila Alhamisi na Alhamisi hii hawakupita.

Ujumbe mmoja nimeuhifadhi. Ulitumwa na mama mmoja wa kamati yetu, saa 11 alfajiri, kwa watu wanne kwa mpigo: mwangalizi, dawati la amani, RDC (mwakilishi wa Rais wilayani), na mzee mmoja wa upande wa pili ambaye kaka yake alikuwa ameoa kwetu. "Wanawake wa ng'ambo hawajaja kisimani siku mbili. Jana jioni vijana wao walihamisha ndama na kuacha majike makubwa karibu na mto. Leo soko halijafunguliwa. Naomba mzee avuke aongee na wenzake kabla ya jua kuzama, na RDC awaambie askari wasifyatue risasi wakimwona."

RDC alijibu saa mbili asubuhi. Mwangalizi aliandika ripoti yake, ikafika Addis Ababa wiki ile. Mzee hakujibu kitu. Alikuwa ameshachukua fimbo yake na kigoda chake, na mchana watoto waliokuwa wakichunga walimwona ameketi chini ya mti ng'ambo ya mto, katikati ya vijana, akiomba maji ya kunywa.